Nyama Iliyosomewa

Siku ya kuniaga pale machinjioni mlinunua soda kreti tatu na maandazi, na mkaguzi wa nyama akasimama kusema maneno mawili. Maneno yake mawili yalikwenda mpaka soda zikapata joto. Alisema nimefanya kazi kwa bidii, nimefanya kazi kwa uaminifu, nimefanya kazi kwa usafi, kisha akasahau jina langu akaniita Ismaili. Mimi ni Juma. Ilipofika zamu yangu ya kujibu, mvua ikaanguka, watu wakakimbia na viti. Basi yale niliyotaka kusema nayaandika hapa, kwa ajili yenu mnaobaki na visu. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute nukta na mkato, tafuteni maana.

Habari za vyeo sitaandika. Machinjioni hakuna cheo. Kuna anayeshika kisu, kuna anayeshika kamba, na kuna anayeshika kiuno akitazama wenzake. Tena mimi si mzee, nina miaka hamsini na minne. Kilichostaafu ni kifundo cha mkono wa kulia. Kisu kinachotetemeka ni mateso kwa ng'ombe, na mimi sitaki kwenda kujibu hilo kwa Mungu juu ya mengine niliyo nayo.

Na nitawataja watu kwa majina. Mke wangu, Mama Halima, ameniambia niandike "fulani". Fulani hakunifukuza kazi. Walionifukuza wana majina, na wao walipokuwa wananitaja mimi kwenye maiki hawakusema fulani.

Nilianza kazi chini ya Mzee Sefu, Mnubi wa Tororo, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa akichinja pale tangu Busia yetu ikiwa bado ndani ya wilaya ya Tororo. Siku ya kwanza nilifika na kisu kipya. Nikakitoa mbele ya fahali nikaanza kukinoa, shwaa, shwaa, nikijionyesha. Mzee Sefu akanitia kofi la kisogo.

"Unamnolea nani?"

"Ng'ombe, Mzee."

"Na yeye anakuona?"

"Ananiona."

"Sasa wewe ukienda hospitali, daktari akunolee kisu mbele ya pua, utalala hapo kitandani?"

Tangu siku hiyo nanoa nyuma ya ukuta, na ninyi pia nawaomba mnoe nyuma ya ukuta. Kinoo kiwe na maji. Ukimaliza, pitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, rudi kwenye kinoo; ikishika, twende. Kisu kiwe kirefu, kipite shingo yote kwa mkupuo mmoja, koo, umio na mishipa miwili. Kisu kifupi kinakata mara mbili, na huyo mnyama hakukukosea mara mbili. Ukimaliza, simama. Mchunaji asimguse mpaka atulie kabisa. Wachunaji huwa na haraka kama watu wanaokimbiza basi.

Jambo lingine ni kibla. Mnyama analazwa ubavu wa kushoto na uso wake unaelekezwa Makka. Kwetu Busia, Makka iko upande wa Tororo. Mzee Sefu alinionyesha asubuhi moja isiyo na ukungu: tafuta ule mwamba wa Tororo, mwelekeze ng'ombe hapo, utakuwa umepata. "Makka iko nyuma ya kile kiwanda cha simiti," alisema. "Mbali kidogo."

Wiki hiyo hiyo ya kwanza nilipewa kushika kamba. Fahali akavuta mara moja, kamba ikabaki na mimi, yeye akapita sokoni, akapita kwa wauza viatu, akavuka mpaka akaingia Kenya. Nilimkuta upande wa pili amesimama na afisa mwenye kalamu.

"Hii ng'ombe ina karatasi?" akaniuliza.

"Afande, imetoroka."

"Wote husema hivyo."

Tulikaa pale mpaka saa saba, mimi na fahali, tukingoja mkubwa wake aamue kama ng'ombe ameingia nchini au amepotea njia. Mzee Sefu alipokuja kunichukua alimwamkia fahali kwanza.

Sasa niwaambie jinsi kazi hii ilivyonifikisha mbali. Huku kwetu Wakristo ndio wengi. Ukienda mashambani Sikuda, Lumino, au Iyolwa kule Tororo, unaweza kutembea asubuhi mpaka mchana bila kuona kofia ya kiua. Lakini tangu zamani, ng'ombe wa harusi, wa matanga, hata wa Krismasi, anachinjwa na Muislamu, ili mgeni yeyote atakayekuja ale bila kuuliza. Kabla ya kupakua, mwenye maiki anatangaza: "Nyama imechinjwa na Muislamu, karibuni wote." Hapo ndipo watu wanaanza kunawa. Tangazo hilo lisipotoka, utaona wazee wanainua pua kama wamesikia harufu ya moto.

Kwa hiyo mimi, niliyejua sura chache tu na nyingine nazichanganya, nikaitwa Sheikh na vijiji vyote. Wiki ya Krismasi hakuna Muislamu aliyekuwa na shughuli kuliko mimi Busia nzima. Makatekista walikuwa wakinigombea. Mmoja alinifuata mpaka msikitini, akanisubiri nje nimalize kuswali, ananionyesha saa. Na kule Iyolwa kwenye harusi moja, nilimaliza kazi nikaketi kula, mama mmoja akaniletea sahani ya pembeni amefunika kwa jani. Nikanusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Kuku, Sheikh."

"Kuku gani huyu, mnene hivi?"

"Huyu," akasema bila kupepesa macho, "ni kuku wa miguu minne."

Tukacheka, akaiondoa, akaniletea nyama niliyoichinja mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Hakuna aliyetuandikia sheria, na hakuna aliyetuita kwenye semina.

Sasa niingie kwenye mwaka ule wa uchaguzi.

Uenyekiti wa wilaya uligombewa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Twaha, muuza samaki, Muislamu, mtu mpole asiyejua kusema mbele za watu. Wa pili alikuwa Wabwire, tuliyemwita Wabwire Simiti kwa sababu alikuwa akiuza simiti, na nyumba zilizojengwa kwa simiti yake mnazijua, ni zile zenye dirisha hata mahali ambapo fundi hakuweka. Watu walimuuliza Simiti habari za barabara, akakosa jibu. Wakamuuliza habari za maji, akakosa jibu. Basi akaenda nyumbani akafikiri, akarudi na jibu moja: Waislamu.

Mkutano wake wa kwanza wa namna hiyo nilikuwepo, nimesimama nyuma na beseni la utumbo kichwani nikipeleka kwa mteja.

"Ndugu zangu," Simiti akaanza, "nani anashika kisu hapa Busia? Waislamu! Sisi tunashika nini? Sahani!"

Makofi.

"Kila nyama mnayokula imesomewa Kiarabu. Imesomewa! Mnajua imesomewa nini? Hamjui! Mnakula Uislamu kidogo kidogo, robo kilo, nusu kilo, mpaka siku moja mtaamka mkute mmekwisha. Leo kisu kiko kwa ng'ombe. Kesho kiko kwa nani?"

Watu wakageuka kunitazama na beseni langu. Nikataka kucheka, nikaona wao hawacheki.

Niwaambie ninachosoma, maana hata ninyi wengine hamjui. Nasema kwa jina la Mungu, Mungu ni mkubwa. Basi. Ukiyaweka hayo kwa Kisamia, katekista anayasema kila Jumapili kwa kirefu zaidi. Na huyo Simiti alikuwa amekula nyama yangu miaka ishirini. Kama Uislamu unaingia kwa robo kilo, kwa tumbo lile yeye angekuwa imamu.

Lakini neno lilishashika. Imesomewa. Watoto waliliimba, wanywaji wa pombe ya ajono walilitania, na kwenye bucha likawa shida kweli. Otieno, aliyekuwa na bucha upande wa Kenya na akinunua nyama kwetu kila siku, alinisimulia alivyojiwa na mteja wake wa miaka mingi.

"Otieno, hii nyama imesomewa?"

"Imesomewa, mama, kama kawaida."

"Basi leo nipe ile haijasomewa."

Otieno akatazama nyama zake zinavyoning'inia. "Chukua hapa mguu wa nyuma. Sheikh husomea shingo. Mguu uko mbali, haukusikia."

"Kweli?"

"Mama, hata mimi nikikaa nyuma kanisani huwa sisikii."

Mama akachukua mguu. Wiki hiyo mapaja yaliisha mapema asubuhi na shingo zikabaki zinatazamana. Redioni nako mama mwingine akapiga simu kusema kwamba tangu ale nyama iliyosomewa, mumewe anaamka alfajiri bila sababu, ananawa miguu na kutoka. Mtangazaji akampa pole, akawaonya Wakristo wote. Hakuna hata mmoja aliyemshauri yule mama amfuate mumewe aone anakwenda wapi.

Haya yanachekesha sasa. Wakati ule Mama Halima alikuwa anauza chapati kando ya barabara, na wateja wakapungua mpaka zile chapati tukawa tunazila sisi, asubuhi chapati, mchana chapati, jioni chapati na chai. Binti yangu Halima, alikuwa na miaka tisa, akarudi siku moja kutoka shule akaweka mkoba chini.

"Baba, sisi ni magaidi wa wapi?"

Hakuuliza kama sisi ni magaidi. Hilo alikuwa ameshalikubali. Alitaka kujua tawi tu, ili akiulizwa tena ajibu.

Mwezi huo huo nikaitwa matangani Iyolwa. Nikapanda pikipiki na visu vyangu vitatu na kinoo kwenye mfuko, na njiani kuelekea Tororo tukakuta kizuizi cha polisi. Aliyesimama pale alikuwa Afande Opio. Akafungua mfuko.

"Hivi visu ni vya nini?"

"Vya ng'ombe, afande."

"Ng'ombe gani?"

"Afande, si ni mimi nilichinja kwenye harusi yako?"

"Ndiyo maana nakujua," akasema. "Wewe unajua kutumia kisu."

Nikakaa mahabusu siku mbili. Siku ya tatu mkubwa wao aliporudi akanitazama, akatazama kinoo, akaniachia, akanirudishia visu viwili. Cha tatu sijui kinachinja wapi. Kule Iyolwa marehemu alizikwa kwa maharage, na mpaka leo ile familia ikiniona inavuka barabara.

Nilirudi kazini nikakuta barua kwa wakubwa wa machinjio. Ilikuwa imeandikwa na Ochwo, mchunaji wetu, niliyefanya naye kazi miaka kumi na mitano, tukila sahani moja. Barua ilisema, "Sisi Wakristo wa machinjio tunaomba kisu kitolewe mikononi mwa Waislamu na kipewe mtu mwenye imani ya wengi." Chini kulikuwa na alama za dole gumba kumi na mbili. Kwa kuwa nimeona dole gumba la Ochwo kwenye nyama miaka kumi na mitano, nililitambua mara tatu.

Kikao kikaitwa. Simiti hakuja mwenyewe, alimtuma wakala wake wa kampeni, Wandera, mwenye koti la suti na kalamu nne mfukoni. Mimi nilitaka kitu kimoja tu kwenye kikao kile: kwamba Jumatatu nirudi na kisu changu nisimame pale aliponisimamisha Mzee Sefu. Mzee alikuwa ameshafariki. Kabla hajafa aliniambia mahali pale pasikae bure hata siku moja. Sikuwa na shamba wala duka. Nilikuwa na mahali pale.

Wandera akasimama.

"Swali langu ni dogo. Kwa nini ng'ombe wa Busia wanalazwa wakitazama Tororo?"

Akageuka kuwatazama watu wote.

"Tulijitenga na Tororo au hatukujitenga? Tuko na wilaya yetu, tuko na ofisi yetu, na bado ng'ombe wetu wanakufa wakisujudia Tororo! Hii ni heshima gani?"

Watu wakaanza kunung'unika. Kumbe hilo liliwauma kuliko Uislamu wenyewe. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Wandera, si Tororo. Ni Makka."

"Na hiyo Makka," akasema, "iko wilaya gani?"

Nikamtazama mwenyekiti wa kikao nikidhani atacheka. Alikuwa anaandika swali.

Wakanitoa siku hiyo hiyo, "kwa ajili ya amani". Kisu akapewa Ochwo.

Jumatatu nilikwenda nikasimama nje, nikachungulia juu ya ukuta. Najua si heshima. Walimleta fahali mweusi, wakamlaza akitazama ziwani, asije akaiona Tororo kwa bahati mbaya. Ochwo akavaa gambuti mpya. Akasema lazima kwanza aombe kama Mkristo. Akafumba macho na wote wenye kamba wakafumba macho. Hilo ni kosa ambalo Mzee Sefu angelilia. Ochwo alianzia kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu, fahali akaona safari hii ni ndefu, akainuka taratibu, akaondoka. Ochwo aliposema amina na kufungua macho, palikuwa na kamba.

Fahali alipindua meza ya mkaguzi, mihuri ikaingia kwenye mfereji wa damu, na walimkamata karibu na adhuhuri. Ochwo alimkata mara tatu kwa kisu alichokinoa mbele ya macho yake. Pale sikucheka. Yule ng'ombe hakuwa na kosa, wala hakupiga kura.

Nyama ile ikakosa pa kwenda. Hoteli za pande zote mbili za mpaka hulisha madereva wa malori, na kati ya hao Waislamu ni wengi, kwa hiyo wenye hoteli wakanunua samaki. Twaha aliuza wiki hiyo kuliko mwaka mzima. Otieno alisema yeye si mtu wa dini, ni mtu wa wateja, akanunua ng'ombe wake kwingine. Lakini walionishangaza ni Wakristo wenyewe. Mama Kristina, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alisimama mbele ya bucha mkono kiunoni.

"Nani amechinja?"

"Ochwo, mama. Mkristo mwenzetu."

"Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa kanisani. Lakini nyama ya Ochwo hapana. Juma anamwogopa Mungu wake. Ochwo naye anamwogopa nani?"

Hayo yalinifikia nyumbani nikiwa na chapati mkononi. Niliona raha, lakini raha haikunirudisha kazini.

Jumamosi ya mwisho ya kampeni Simiti alifanya karamu Lumino. Alileta fahali mkubwa mwenye pembe kama mlango, alikaribisha wazee, akina mama, wakwe zake kutoka upande wa Kenya, watu wa pande zote. Ochwo alikuja na gambuti zake. Wazee wa Lumino wakauliza nani anachinja. Wakaambiwa Ochwo. Wakauliza ni yule wa Nuhu? Wakaambiwa ndiyo. Wakasema sawa, wao watakunywa maji.

Saa sita mchana pikipiki ikasimama mlangoni kwangu. Wandera akashuka, koti limejaa vumbi.

"Mulembe, Sheikh."

"Mulembe, Wandera. Makka umeipata?"

Akakohoa. "Mheshimiwa anakuomba. Iko kazi kidogo Lumino."

"Kisu si kiko kwa Ochwo?"

"Ochwo yuko. Lakini watu nauliza maswali."

Mama Halima akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika, "Waache wale maharage kama wale wa Iyolwa!" Kweli nilitaka kukataa. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa. Lakini nikifikiria yule fahali mikononi mwa Ochwo, mkono wangu unawasha.

"Nitakuja," nikamwambia Wandera, "kwa sharti moja. Tangazo la nyama halitatolewa na mtu wako wa maiki. Atalitoa Simiti kwa mdomo wake, na atanitaja jina."

"Hiyo ni ngumu, Sheikh."

"Basi uji ni mlaini. Wapikieni."

Akapiga simu pembeni, akizunguka pikipiki yake mara nne. Akarudi. "Panda."

Kule Lumino nilinoa nyuma ya jiko. Nilimlaza fahali ubavu wa kushoto, nikamwelekeza Tororo mbele ya Wandera na kalamu zake zote, nikasema maneno yangu kwa sauti mpaka waliokuwa nyuma wakasikia. Mkupuo mmoja. Nikasimama. Ochwo akaja kuchuna, nikamwambia ngoja, akangoja. Alichuna vizuri. Kuchuna hakuna anayemshinda, nasema ukweli hata kwa mtu niliyemchukia.

Sufuria zilipoiva, Simiti akachukua maiki.

"Wapendwa, nyama iko tayari."

Hakuna aliyesogea.

"Imechinjwa vizuri sana."

"Na nani?" akauliza mama mmoja kutoka kwenye mkeka.

"Na mtaalamu."

"Mtaalamu wa wapi?"

"Wa… wa Busia."

"Dini gani, Mheshimiwa? Sema upesi, watoto nasikia njaa!"

Simiti akamtazama Wandera. Wandera akatazama mawingu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, nanawa mikono polepole.

"Imechinjwa na Juma," akasema kwenye spika zake mwenyewe zilizozunguka wilaya nzima kunitukana. "Muislamu. Karibuni wote."

"Imesomewa?" akadakia Mama Kristina, aliyekuja kula tu.

"Imesomewa!" Simiti akafoka.

Alipigiwa makofi ambayo hakuyapata kampeni nzima. Watu waliinuka kwa pamoja kama kanisani. Naye akala. Kwa macho yangu mawili alikula Uislamu kilo moja na nusu na akaomba mfupa.

Kisha akashinda uchaguzi. Ndiyo, alishinda, na si kwa kura chache. Walioshiba nyama yangu walikwenda wakampigia yeye, na Twaha akarudi kwenye samaki. Pole sikupewa na yeyote, si yeye, si Wandera, si Afande Opio, si mtangazaji wa redio. Halima ndiye aliyebadilisha shule. Kwenye sherehe ya ushindi Simiti alisema hana ubaguzi, hata mchinjaji wake ni Muislamu. Mchinjaji wake! Mimi sijawahi kusema yeye ni mbuzi wangu.

Baada ya wiki mbili machinjio wakaniandikia barua. Bado ninayo. Inasema kwamba kwa kuwa nyama inaoza, Juma anarudishwa kazini kwa muda, mpaka atakapopatikana mtu anayefaa. Muda huo umekuwa miaka tisa. Mtu anayefaa hakupatikana, na mimi nimestaafu kutoka kwenye kazi ya muda. Kila asubuhi ya hiyo miaka tisa nilimlaza ng'ombe kuelekea mwamba, na Ochwo akisimama pembeni yangu akingoja mnyama atulie. Hatukuwahi kuizungumzia ile barua ya madole. Tulizungumza mvua na mipira.

Sasa Ochwo ndiye mwenyekiti wa kamati ya machinjio, mnamjua. Juzi alikuja nyumbani mwenyewe, kwa miguu. Mama Halima akamwekea kiti, akamletea chai na chapati, naye akala mbili kabla hajasema neno.

"Sheikh, mkono unaendeleaje?"

"Unauma."

"Sasa tutafanya nini? Toka umetoka nyama nalala bila mnunuzi. Nimezunguka msikiti zote mbili natafuta mtu. Tafadhali, tutafutie Muislamu."

Nilimmiminia chai nyingine, polepole. Nilitaka lile neno likae ndani ya nyumba yangu kidogo.

"Unamtaka wa namna gani, Ochwo?"

"Yeyote, wewe ndiye unajua. Mwenye mkono mzuri." Akatazama mlangoni, akasogeza kiti, akashusha sauti. "Ila uchaguzi iko karibu, na Mheshimiwa ameanza tena ile mambo yake. Huyo mtu mwambie… asome kimoyomoyo."

Nikamwambia nimeelewa kabisa, asiwe na wasiwasi. Jumatatu mtampokea Abubakari wa Sikuda, mfyatua matofali, mtu mzima, mkono wake imara, ukucha wake nimeukagua mwenyewe. Mpeni kamba nzuri na msimharakishe. Kule kwao spika ya msikiti iliharibika mwaka juzi, na hakuna aliyeona haja ya kuitengeneza. Yeye ndiye anayeadhini.